Paka, ghala na bustani: historia inayokuonyesha kazi yake msimu kwa msimu

Kila mahindi yanapoanza kuingia ndani, swali linalonifikia mara nyingi ni hili: "Afisa, panya wananimaliza. Nitafute paka au ninunue sumu?" Wengine hawasubiri jibu, hufanya yote mawili kwa wiki moja. Matokeo yake paka anakufa, panya wanabaki, na familia inaendelea kula mahindi yaliyokojolewa.

Leo nataka tuanze na historia kabla ya ushauri. Ukijua paka alifikaje nyumbani kwa binadamu, utajua umpe kazi gani na usimdai nini.

Alifuata nafaka

Paka wote wa nyumbani duniani, wa kwako akiwemo, asili yao ni kimburu, yaani paka pori wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Kimburu bado yupo hata huku kwetu porini, na paka wa nyumbani akikutana naye wanaweza kuzaa.

Takribani miaka 10,000 iliyopita, watu wa maeneo ambayo leo ni Uturuki, Syria na Iraki walianza kulima ngano na shayiri na kuweka akiba. Nafaka iliyokusanywa ilivuta panya, na panya wakamvuta kimburu. Hakufungwa kamba kama mbuzi wala kufundishwa kama mbwa. Alikaribia mwenyewe kwa sababu chakula kilikuwepo, na watu wakamwacha kwa sababu waliona faida.

Katika kisiwa cha Kupro, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita, mtu amezikwa na paka pembeni yake. Kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili, kwa hiyo alipelekwa kwa chombo cha majini. Baadaye sana, kwenye michoro ya makaburi ya Misri ya kale, tunamwona paka amekaa chini ya kiti cha mwenye nyumba. Alikuwa ameshakuwa mtu wa nyumbani.

Shika hapo neno moja: ghala. Tangu mwanzo, kilichomuunganisha paka na sisi ni chakula kilichohifadhiwa.

Pwani yetu: panya alikuja na jahazi

Panya mweusi wa darini, yule mwenye mkia mrefu kuliko mwili, si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Asili yake ni upande wa India, na alisafiri na mizigo ya biashara ya Bahari ya Hindi. Mifupa yake imepatikana Unguja Ukuu, bandari ya Zanzibar iliyokuwa na watu tangu karne ya 7.

Vyombo vilivyobeba nafaka vilihitaji paka. Ukienda Lamu leo utaona paka wembamba wenye miguu mirefu wakizagaa sokoni na ufukweni wakingoja matumbo ya samaki. Kwa Waislamu wa pwani paka hahesabiwi najisi, na sahaba Abu Huraira alipata jina hilo kwa kupenda kipaka chake. Ndiyo maana mtaani kwao paka hafukuzwi hovyo.

Huku bara, mazao yalikaa kwenye kihenge au juu ya dari la jiko, moshi ukipita katikati ya magunzi. Paka alilala jikoni, karibu na moto na karibu na chakula. Kazi yake ilijulikana.

Dumuzi alipohamisha mahindi chumbani

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mdudu mpya, dumuzi, aligundulika Tabora. Wakulima walimwita Skania, kama lile lori. Alitafuna mahindi yaliyohifadhiwa na magunzi yake hadi yakawa unga, na baada ya hapo akaenea nchini. Ushauri wa kilimo ukabadilika: pukuchua mapema, changanya na dawa ya unga, weka kwenye magunia.

Ushauri ule uliokoa chakula kingi. Lakini katika nyumba nyingi magunia yaliingia chumba cha kulala, na panya akayafuata. Jiko likabaki nje, na paka akabaki nalo usiku, mlango wa nyumba kubwa ukifungwa. Ukimfungia paka nje na mahindi ndani, usimlaumu.

Anachoweza na asichoweza

Mwaka 1953 mwanasayansi Charles Elton alichapisha uchunguzi wa paka kwenye mashamba ya Uingereza. Aliona kwamba pale panya walipokuwa wamejaa, paka hawakuweza kuwamaliza. Lakini panya walipoondolewa kwanza kwa njia nyingine, paka waliweza kuwazuia wasirudi kwenye majengo. Sharti lilikuwa paka wapewe maziwa kila siku ili wasitangetange.

Mwaka 2017 watafiti waliofanya kazi kwenye kaya za vijijini Eswatini waliweka karanga kwenye sinia kuzunguka nyumba na kupima panya walizoacha. Penye paka peke yake, au mbwa peke yake, panya walikula bila hofu kubwa. Penye paka na mbwa pamoja, panya walipunguza kula. Uoga wenyewe ulikuwa kinga.

Sasa linganisha na shamba la mbali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamemfuatilia panya shamba kwa miongo mingi. Jike huweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mkupuo, na idadi hupanda kutoka makumi machache kwa hekta hadi kupita 1,000 mwaka wa mlipuko. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba panya huchukua asilimia 5 hadi 15 ya mahindi ya Tanzania kila mwaka. Hakuna paka wa kuzuia hilo. Huko kunahitajika palizi, mipaka safi na mitego ya pamoja kijiji kizima.

Kwa hiyo paka ni mlinzi wa nyumba, ghala na bustani iliyo karibu na nyumba. Wewe unasafisha, yeye anazuia wasirudi.

Msimu kwa msimu

Kalenda hii ni ya maeneo yenye vuli na masika. Ukiwa Dodoma au Singida, penye msimu mmoja wa mvua, isogeze kufuata mvua yako.

Oktoba hadi Desemba (vuli): Panya shamba huwa wengi mwanzoni mwa kipindi hiki, na hufukua mbegu mara tu unapopanda. Bustanini, paka naye anapenda udongo uliolainishwa, atachimba tuta la mchicha ili ajisaidie. Funika matuta mapya kwa matawi yenye miiba hadi miche ishike, na mtengee kona yenye mchanga mkavu mbali na mboga. Vuli ikiwa nzito kuliko kawaida, jiandae: panya huweza kuanza kuzaana mapema, na mlipuko ukafuata.

Januari na Februari: Ghala linaelekea tupu. Huu ndio wakati wa kuziba matundu, kufagia punje za zamani na kunasa panya waliobaki. Alichoeleza Elton ndicho hiki: punguza kwanza, kisha mwachie paka.

Machi hadi Mei (masika): Mvua huwasukuma panya kutafuta pakavu, yaani darini kwako. Fyeka majani mita chache kuzunguka nyumba. Mpe paka mahali pakavu pa kulala ndani au karibu kabisa na chakula kilipo.

Juni hadi Septemba (mavuno na kipupwe): Panya shamba wanazaana, na mahindi yanaingia. Weka magunia juu ya chaga, mbali na ukuta, ili paka aweze kupita chini na nyuma yake. Ghala la nje liwe juu ya nguzo zenye vikinga vya bati. Acha upenyo wa paka mlangoni usiku. Hata mifuko isiyopitisha hewa inatobolewa na panya, na ikitobolewa haina kazi tena.

Mwaka mzima, mlishe. Wengi husema paka akishiba hawindi. Si kweli, paka huwinda hata akiwa ameshiba. Njaa inachofanya ni kumpeleka kwa jirani, kwenye vifaranga. Jike hubeba mimba siku 63 hadi 65 na kwetu anaweza kuzaa wakati wowote wa mwaka, hivyo muone mtaalamu wa mifugo kuhusu kumfunga kizazi kabla hujawa na kundi la mapaka shume.

Sumu na magonjwa

Sumu nyingi za panya zinazouzwa madukani huzuia damu kuganda. Panya haanguki siku hiyo, huzubaa siku kadhaa akiwa na sumu mwilini. Huyo ndiye paka anamkamata kirahisi. Ukiamua kutumia sumu, usitegemee paka kwa wakati huo: mfungie, okota mizoga kwa koleo kila asubuhi, ifukie chini sana. Usiwahi kuweka sumu mahali watoto wanapofika.

Ile dawa ya unga ya kuhifadhia mahindi usimpake paka kuua viroboto. Nyingi zina permethrini, na mwili wa paka hauwezi kuiondoa kama wa mbwa.

Kinyesi cha paka kinaweza kubeba vimelea vya toksoplasma, vyenye hatari kwa mimba changa. Mama mjamzito asipalilie tuta lenye kinyesi cha paka bila glavu, na mboga zote zioshwe vizuri. Paka apate pia chanjo ya kichaa cha mbwa.

Na tusisahau Lushoto. Tauni iliingia huko mwaka 1980, na hadi mwaka 2004 watu zaidi ya 7,000 walikuwa wameugua. Viroboto wa panya ndio waliosambaza, na paka anayekula panya mgonjwa anaweza kuugua na kumwambukiza anayemshika. Ukiona panya wanakufa wenyewe kwa wingi, au paka ana homa na uvimbe shingoni, usimshike kwa mikono mitupu. Toa taarifa zahanati na kwa mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo.

Kwa aliyeniuliza paka au sumu: anza na ufagio, bati na mtego. Kisha chukua mtoto wa paka aliyefikisha wiki nane au zaidi, ikiwezekana wa mama anayewinda, maana huleta windo na kuwafundisha wanawe. Mlishe, mpe njia ya kufika kwenye magunia, na usimwekee sumu karibu. Kuhusu panya wa shambani, zungumza na majirani mapema na muone afisa ugani wa kata yako kabla ya kupanda.