Zotero na hadithi ya Wairaqw kutoka Iraki: jinsi ya kutunza marejeo ya utafiti

Tukigusa historia ya Mbulu hewani, msikilizaji mmoja lazima apige simu kusema Wairaqw walitoka Iraki. Tukiuliza amelipata wapi, jibu ni lile lile: "Imeandikwa."

Imeandikwa kweli, lakini na nani wa kwanza? Mwaka 1998 Ole Bjørn Rekdal, mwanaanthropolojia wa Norway aliyefanya utafiti Mbulu, alilifuatilia jambo hilo katika jarida la Ethnology. Alionyesha jinsi dhana ya kukisia tu ilivyogeuka masimulizi yanayoaminiwa. Lugha yenyewe inaelekeza kwingine: Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi, ndugu wa Kigorowa cha Babati na Kiburunge cha mkoani Dodoma. Mwaka 2014 Rekdal huyo huyo aliandika kuhusu watafiti wanaonakili marejeo ya wenzao bila kufungua chanzo cha awali.

Kwa mwanafunzi wa Hanang au Mbulu anayeandika tasnifu, kinga mojawapo ni programu ya kutunza marejeo. Zipo Mendeley na EndNote, ila sisi tunapendekeza Zotero kwa kuwa ni ya bure. Ilianza mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Unaiweka kwenye kompyuta, kisha unaongeza kiunganishi chake kwenye kivinjari, mfano Chrome au Firefox. Ukiwa kwenye ukurasa wa makala, bonyeza alama yake: jina la mwandishi, mwaka, jarida na kurasa vinaingia vyenyewe, na faili la PDF pia likipatikana. Kitabu unaweza kukiingiza kwa namba yake ya ISBN. Ukishahifadhi, unasoma hata bando likiisha. Nafasi ya bure mtandaoni ni MB 300 tu, na PDF huijaza haraka, kwa hiyo weka nakala nyingine kwenye flashi.

Huku kwetu shida kubwa ni majina. Wabarabaig ni tawi la Wadatoga, lakini vitabu vingine huandika Tatoga, vingine Mangati. Wairaqw nao huitwa Wambulu. Ukitafuta jina moja utakosa nusu ya maandishi. Weka lebo moja kwenye kila chanzo, bila kujali mwandishi alitumia tahajia gani.

Wazee pia ni chanzo. Zotero ina aina ya rekodi kwa mahojiano, na nyingine kwa matangazo ya redio (hilo limetufurahisha). Andika tarehe, kijiji na lugha mliyozungumza.

Programu haisomi kwa niaba yako. Mara nyingine huleta jina lililokatwa au mwaka usio sahihi, basi linganisha na ukurasa wa kwanza wa makala. Na kama umekipata kisa cha Iraki ndani ya kitabu kinachomnukuu mwandishi mwingine, hifadhi hicho ulichokisoma wewe, na kwenye sehemu ya maelezo uandike kimemnukuu nani, ukurasa wa ngapi.