Adui wa Nguzo Yuko Miguuni Pake

Fundi wa laini aliyekomaa haparamii nguzo ya mti kabla ya kuigonga. Huizunguka na nyundo mkononi, akaipiga kuanzia usawa wa kifua kushuka chini, huku akisikiliza. Mti mzima hutoa mlio mkavu na kuirudisha nyundo. Mti uliooza hujibu kwa mlio mzito, kama debe lililojaa unga. Kisha huchuchumaa, akafukua udongo kuzunguka shina na kuuchoma mti kwa bisibisi. Hapo ndipo ukweli unapojulikana. Nguzo inaweza kuwa imenyooka juu, nyaya zimekaa vizuri kwenye vikombe vyake, kumbe ardhini limebaki ganda tu.

Sehemu ya juu ya nguzo hulowa mvua ikakauka kwa jua na upepo. Ncha iliyozama chini kabisa haipati hewa ya kutosha, na kuvu hawastawi pasipo hewa. Lakini shingo yake, kuanzia usawa wa ardhi hadi kama sentimita 30 kwenda chini, hupata kila kitu kwa pamoja: unyevu, hewa, joto, kuvu na mchwa. Historia ya nguzo, kwa sehemu kubwa, ni historia ya kukipigania kipande hicho kifupi.

Samuel Morse wa Marekani hakukusudia kutumia nguzo. Alipojenga laini ya telegrafu kati ya Washington na Baltimore alianza kwa kufukia nyaya ardhini, nazo zikamwangusha. Mwanzoni mwa 1844 akatangaza zabuni ya nguzo 700 za mti, nyingi zikiwa na urefu wa mita saba hivi, zikiwa na magome yake. Tarehe 24 Mei mwaka huo ujumbe wa kwanza rasmi ukapita.

Njia za kuzilinda nguzo, za chuma na za mti, zilikuwa zimekwisha kuvumbuliwa Ulaya. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kupaka chuma zinki ili kisiote kutu. Mwaka uliofuata Mwingereza John Bethell akapata ya kusukuma kriosoti, mafuta meusi yatokanayo na lami ya makaa ya mawe, hadi ndani ya mti. Nguzo za chuma za taa za barabarani na nguzo za mti za umeme tunazopita kila siku bado zinafuata njia za watu hao wawili.

Pwani yetu ilikuwa na ujuzi wake. Boriti za mkoko na msinzi zilibeba dari za Lamu na Unguja na kusafirishwa kwa majahazi hadi Ghuba, kwa kuwa ni ngumu na mchwa hawazipendi. Lakini boriti ni fupi mno kwa laini ndefu. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, hadi kufika Ziwa Viktoria mwishoni mwa 1901, waya wa telegrafu ulikwenda nayo. Lugha yetu iliupokea kwa jina lenye asili ya Kiajemi: simu, kutoka neno lenye maana ya waya. Bara, mchwa waliufanya mti usiotiwa dawa kuwa chakula cha misimu michache, ndiyo maana wajenzi wengi wa enzi hizo walipendelea nguzo za chuma. Twiga nao waliangusha nyaya kwa shingo zao. Wanandi, waliopinga ukoloni kwa silaha hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa mwaka 1905, waliukata waya huo na kuutumia kwa mapambo.

Umeme wa umma ulipoanza Dar es Salaam mwaka 1908, chini ya Wajerumani, nguzo zilipata mzigo mpya. Mti wa kuubeba ulikuwa tayari umewasili kwa kazi nyingine. Mikaratusi, asili yake Australia, ililetwa Kenya mwaka 1902 ili itoe kuni za garimoshi. Hukua haraka na hunyooka, lakini bila dawa haidumu ardhini. Jibu lilitoka India. Mwaka 1933 mwanasayansi Sonti Kamesan aliunganisha shaba, kromiamu na aseniki katika dawa moja ya maji. Shaba huzuia kuvu, aseniki huwazuia wadudu, na kromiamu huzishikiza zote mbili ndani ya mti ili mvua isizioshe.

Leo nguzo nyingi za Tanzania hutoka Nyanda za Juu Kusini, katika mashamba ya miti ya Mufindi na Njombe. Gogo humenywa magome na kuachwa likauke, kisha husukumwa ndani ya tangi refu la chuma lililolazwa, lenye mlango mzito kama wa boila. Pampu hufyonza hewa, dawa ikaingizwa, kisha shinikizo likaisukuma ndani ya mti. Nguzo hutoka na rangi ya kijani ya shaba. Lakini dawa huingia sehemu ya nje tu; kiini cha mkaratusi hakiipokei. Anayekata kitako cha nguzo kwa sababu shimo limekuwa fupi huwafungulia mchwa mlango.

Kanuni ya shimo ni rahisi: sehemu ya kumi ya urefu wa nguzo, kisha uongeze sentimita 60. Nguzo ya mita 9 huzama mita moja na nusu. Udongo hurudishwa kidogo kidogo na kushindiliwa kila tabaka. Kwenye kona, ambako nyaya huvuta upande mmoja, waya wa stei huivuta nguzo upande wa pili.

Nguzo za zege haziliwi na mchwa, lakini ni nzito, huhitaji winchi, na zikipata ufa maji hufikia nondo. Nguzo ya chuma ya taa huketi juu ya msingi wa zege kwa bamba na bolti nne. Tope likikusanyika hapo, zinki huisha na kutu huanza, hasa kwenye chumvi ya pwani. Kifuniko kidogo kilicho karibu na shina kikiibwa na wauza vyuma chakavu, nyaya hubaki wazi mahali ambapo mkono wa mtoto unafika.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji mambo mawili. Nguzo kuukuu ya mti uliotiwa dawa isigeuzwe kuni, kwa sababu aseniki haiteketei. Hubaki katika moshi na majivu ya jikoni. Na mtaani kwenu, msirundike wala kuchoma taka kwenye shina la nguzo. Mkiona imeinama, au kichuguu kimeanza kuipanda, toeni taarifa kabla ya masika, udongo ukiwa bado mkavu na nguzo ikiwa bado imesimama.