Miliari mia tatu: namba moja katika historia ya feza yetu

Tukisema desturi, tunafikiri kwanza mahari, ngoma na methali. Lakini namna ya kuhesabu feza nayo ni urithi. Hata leo watu wanasema "makuta" kwa kutaja feza yoyote, na wengi hawakumbuki tena kwamba makuta 100 yalifanya zaire 1. Tuangalie namba moja tu: 300.000.000.000, ndiyo miliari mia tatu.

Imetoka wapi? Tarehe 24 Juni 1967 zaire ilizaliwa. Zaire 1 ilichukua nafasi ya faranga 1.000, na ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Mwezi wa kumi 1993 ikaja zaire mpya: 1 kwa 3.000.000 za zamani. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja faranga ya Kongo: 1 kwa zaire mpya 100.000. Sasa zidisha 3.000.000 kwa 100.000, utapata ile namba yetu. Maana yake, kwa karatasi, faranga moja ya 1998 ilibeba zaire miliari mia tatu za 1967. Na hiyo faranga haikufika hata dola moja.

Namba hii inaogopesha, lakini ukiivunja unakuta mizizi mitatu tu: 2 imeingia mara 11, 5 imeingia mara 11, na 3 mara moja. Ndiyo sababu vigawanyo vyake ni 12 × 12 × 2, yaani 288. Zile 2 na 5 zinatengeneza zero tu, hazisumbui mtu. Mwaka 1998 ulifuta zero tano, basi umemaliza. Shida ni ile 3 moja ya 1993. Chukua noti ya 5.000.000, ile ambayo wafanyabiashara wa Kinshasa waliikataa Januari 1993, na askari waliolipwa nayo wakapora mji. Igawanye kwa 3.000.000: unapata 1,666..., haiishi. Noti ya milioni moja inatoa makuta mapya 33,33..., nayo haiishi. Kule Kasai watu walikataa zaire mpya kabisa, wakabaki na zile za zamani mpaka 1998. Sababu yao ilikuwa ya siasa, si ya hesabu. Lakini sokoni walijiepusha na mgawanyo huo.

Sasa fikiri mzee aliyeweka akiba ya zaire 3.000 mwaka 1970. Ilikuwa dola 6.000. Kwa hesabu ya 1998, wazee milioni mia moja kama yeye wangeunganisha akiba zao ili wapate faranga moja.

Basi tusiwacheke Wanande wanaohesabu mahari kwa mbuzi, wala Washi wanaotaja ng'ombe. Mbuzi anaweza kufa, ni kweli. Lakini hakuna amri inayoweza kumkata zero.