Njiti kifuani kwa mama mapema, vifo vyapungua
Mtoto njiti anapoteza joto haraka. Dawa yake ya kwanza ipo karibu: kifua cha mama.

Kwenye "kangaroo", mtoto huvalishwa nepi, kofia na soksi tu, hulazwa wima kifuani, ngozi kwa ngozi, kisha hufungwa kwa khanga. Ilianzia Bogotá, Colombia, 1978, mashine za joto zilipokuwa hazitoshi.

Zamani njiti alisubiri kwanza hali itulie. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliotoka 2021, ukapindua hilo: kwa wenye kilo 1 hadi chini ya 1.8, kuanza mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo kwa asilimia 25.

Mama amechoka? Baba au bibi anashika zamu. Na njiti anayekimbizwa kutoka Makurunge kwenda hospitali Bagamoyo asafiri hivyohivyo, kifuani.