Kilima cha Mawe ya Kusagia

Kiganda kina neno olubengo, jiwe la kusagia. Mawe hayo yakiwa mengi huitwa emmengo, na ndiko lilikotoka jina la kilima cha Mengo, kusini-magharibi mwa katikati ya Kampala. Kabla hakijawa na kasri, baraza wala hospitali, kilima hiki kilijulikana kwa chombo cha jikoni.

Nakumbusha hilo kwa sababu ya abiria wa basi la Ijumaa usiku kutoka Nairobi. Wanashuka Kampala asubuhi wakiwa na macho mekundu na mipango miwili tu: kula na kucheza, kisha Jumapili warudi makwao. Mji hawakuukosea. Ila wengi huona kwamba historia ya Mengo ni jambo jingine, la makaburi na makumbusho, la kupita haraka kabla ya chakula cha mchana. Mimi naona kinyume chake. Katika ufalme wa Buganda kula na kucheza havikuwa starehe za baada ya kazi. Vilikuwa kazi za serikali, zenye vyeo, mashamba na zamu, na Mengo ndipo idara hizo zilipofanya kazi kwa mara ya mwisho. Anayekaa kitako Jumamosi mchana kufungua luwombo, mlo uliofungwa ndani ya jani la mgomba, anakula mabaki ya dola.

Tuanze na jiko. Kabaka, yaani mfalme, alikuwa na waziri mkuu, Katikkiro, na alikuwa na machifu wa majimbo. Lakini karibu zaidi na mwili wake walikuwa wakuu wawili: Kawuta, mkuu wa jiko, na Sseruti, mkuu wa pombe. Hawa hawakuwa watumishi wa kupiga magoti na kuondoka. Mtu anayeshika chungu cha mfalme anashika roho yake, na kila mtu mjini alilijua hilo. Ndiyo maana ile hadithi inayorudiwa kwa watalii, kwamba luwombo ilibuniwa mwaka 1887 na mpishi wa Kabaka Mwanga aitwaye Kawuta, huwa inanichekesha kidogo. Tarehe siwezi kuiapia. Lakini Kawuta si jina la mtu, ni cheo. Ni kama kusema sheria fulani iliandikwa na bwana mmoja aitwaye Waziri.

Luwombo yenyewe haihitaji hadithi. Jani changa la mgomba hupitishwa juu ya moto mpaka lilegee, likiwa halichaniki tena. Ndani yake hutiwa kuku, au nyama, au uyoga, au mchuzi mzito wa karanga, kisha hufungwa kifurushi na kupikwa kwa mvuke, saa baada ya saa. Kila mlaji hupewa kifurushi chake na kukifungua mwenyewe, na ule mvuke wa kwanza wenye harufu ya jani ndio nusu ya mlo. Ubavuni huja matoke: ndizi mbichi zilizomenywa, zikafungwa majanini, zikawekwa juu ya vikonyo vya majani ili maji yasiziguse, zikaiva, zikakandwa zikiwa bado ndani ya majani yao na kurudishwa motoni. Mtu wa pwani aliyezoea ndizi za nazi atadhani amepewa kitu kisicho na chumvi. Asubiri mchuzi wa karanga.

Na wanawake waliopika kuku huyo hawakumla. Desturi ya Buganda ya zamani iliwakataza kuku, mayai na nyama ya kondoo. Ibaki akilini, tutairudia.

Mji wa Kabaka, yaani kibuga, ulikuwa ukihama. Msafiri Mwingereza Speke alipofika mwaka 1862 alimkuta Muteesa wa Kwanza katika kilima cha Banda. Stanley alipokuja mwaka 1875 kibuga kilikuwa Rubaga. Wageni hao wawili wameandikwa sana, lakini watu wetu waliwatangulia. Mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim, aliyetokea Zanzibar, alikuwa tayari barazani kwa Kabaka Suuna. Pamoja na nguo na bunduki wafanyabiashara hao wakaja na dini, na dini ikaja na sheria za chakula. Muteesa alijifunza kusoma Kurani na akafunga Ramadhani miaka kadhaa. Kilichomharibia ni kisu. Vijana wa kasri waliosilimu kwa dhati walikataa kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wa mfalme, kwa kuwa mfalme mwenyewe hakuwa ametahiriwa. Kukataa sahani ya Kabaka ilikuwa kuukataa ufalme wake, na katikati ya miaka ya 1870 wengi wao waliuawa. Buganda ilipata mashahidi wa Kiislamu miaka kumi kabla ya wale Wakristo wa Namugongo wanaojulikana dunia nzima, na kisa chao kilianzia jikoni.

Mwanga, mwana wa Muteesa, ndiye aliyejenga Lubiri, kasri la Kabaka, juu ya Mengo mwaka 1885. Mwaka uleule, tarehe 15 Novemba, alimuua Joseph Mukasa Balikuddembe, mkubwa wa vijana wa kasri, karibu na kijito cha Nakivubo. Leo hapo chini pana soko kubwa ambalo watu hulijua kwa jina la Owino, ingawa jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe. Wageni wa wikendi hupotelea humo wakitafuta mitumba, na mara nyingi hutoka bila simu.

Mwanga alikuwa na tamaa ya starehe iliyozidi nguvu za raia wake. Akaamuru lichimbwe ziwa chini ya kasri, Ekinyanja kya Kabaka, nalo likachimbwa tangu 1885 hadi 1888. Wengine husema alitaka kulifikisha hadi ziwa Nalubaale, yaani Victoria, apate njia ya kukimbilia. Wengine husema alitaka pa kupigia makasia tu. Machifu wenyewe walishikishwa majembe, wakatozwa faini wakichelewa, na chuki ya ziwa hilo ni mojawapo ya mambo yaliyompindua Septemba 1888. Ziwa bado lipo, lina ndege wengi na taka kiasi. Nakushauri ulipitie Jumamosi asubuhi, maana miradi ya burudani inayoangusha serikali ni nadra kuonekana kwa macho.

Yaliyofuata nayapitisha mbio. Mwingereza Lugard alipiga kambi kilima cha jirani Desemba 1890. Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wakapigana Mengo, na bunduki ya Maxim ya Lugard ikaamua. Machi 1900 ukaja Mkataba wa Buganda na Waingereza. Kinachonihusu mimi ni kalenda. Wikendi yenyewe haikuwako, ililetwa. Sisi wa Kiswahili tunahesabu siku kutoka sala ya Ijumaa, kwa hiyo Jumamosi kwetu ni siku ya kwanza. Mganda anaiita Lwamukaaga, ya sita, kwa sababu anahesabu kutoka Jumatatu ya wamisionari na ofisi. Siku moja, namba mbili, dini mbili. Namirembe, kilima kinachotazamana na Mengo, ngoma zikaanza kuwaita watu kanisani Jumapili, na Waganda wengi wakapata siku moja ya kutofanya kazi kila wiki, isiyotegemea hamu ya mfalme.

Lakini ngoma za mfalme ziliendelea. Hapa ndipo ningependa msafiri akae kidogo. Ndani ya Lubiri kulikuwa na entenga: ngoma 15 zilizopangwa kwa ukubwa, 12 kati yake zikiwa zimetiwa sauti kama vibao vya marimba. Wanne walipiga hizo 12, wawili wakapiga tatu zilizobaki. Mmoja anaanza mkondo wa noti, mwenzake anaingiza zake katikati ya nafasi, pigo kwa pigo, hata sikio linasikia wimbo wa tatu ambao hakuna mkono unaoupiga. Amadinda, marimba ya vibao 12, hufuata kanuni hiyo hiyo kwa wapigaji watatu. Wanamuziki hao walikuwa na ardhi waliyopewa kwa ajili ya kazi hiyo, wakija kasrini kwa zamu, kama askari wa lindo. Evaristo Muyinda alikuwa mmoja wao, na kwa kuwafundisha wageni waliokuja na vinasa sauti aliufikisha muziki wa Mengo kwenye vyuo vya Ulaya.

Halafu bakisimba, ngoma ambayo kila mtalii huiona kiunoni mwa wachezaji. Inasimuliwa kwamba Kabaka mmoja alikunywa tonto, pombe ya ndizi, mpaka ikamkolea. Akaanza kuwasifu waliopanda migomba, abaakisimba, akiyumba kwa hatua zake za kifalme ambazo hata ulevini hazikupoteza adabu. Wapigaji wakageuza maneno kuwa mapigo, wanawake wakageuza kuyumba kuwa mchezo. Basi mgomba mmoja ulitoa chakula, sahani, kifuniko cha chungu, pombe na ngoma. Sijui nchi nyingine ambayo starehe zake zote zimetoka katika shina moja hivyo.

Miaka ya 1950 starehe zikaanza kutoka nje ya ua. Gitaa lilikuwa limeshafika, na kutokana nalo ukazaliwa kadongo kamu, mtu mmoja na gitaa lake akisimulia maisha kwa mafumbo. Elly Wamala na Fred Masagazi wakawa majina ya kila nyumba. Wycliffe Kiyingi akaunda kikundi cha michezo ya kuigiza kwa Kiganda mwaka 1954. Bulange, jengo la baraza la Buganda, likajengwa kuanzia 1955 hadi 1958, likitazamana na lango la Lubiri kupitia barabara iliyonyooka ya Kabakanjagala, maana yake Kabaka ananipenda. Katikati ya barabara hiyo pana mzunguko uitwao Nnantawetwa. Sote tunauzunguka. Kabaka peke yake hupita katikati, kwa lango linalofunguliwa kwa ajili yake tu.

Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Obote, mtawala wa Uganda, likiongozwa na Idi Amin, lilishambulia Lubiri. Kabaka Muteesa wa Pili aliruka ukuta mvua kubwa ikinyesha, akapata teksi barabarani, na kupitia Kongo na Burundi akafika London, alikofia mwaka 1969. Ngoma za kifalme ziliungua. Mwaka 1967 falme zote zikafutwa. Wapigaji wa entenga hawakuwa na mfalme wa kumpigia wala ardhi ya zamu. Wakatawanyika vijijini, wakanyamaza. Kasri likawa kambi, na ndani ya ua wa karamu pakajengwa vyumba vya chini ya ardhi ambamo baadaye watu wa Amin waliwatesa na kuwaua wafungwa. Vyumba hivyo huonyeshwa leo kwa tiketi. Nenda, lakini nenda kabla ya kula. Nje ya ua pia hapakuwa salama: Byron Kawadwa, mwandishi wa mchezo wa Oluyimba lwa Wankoko, aliuawa mwaka 1977 baada ya kurudi na kundi lake kutoka tamasha la Lagos.

Ronald Mutebi alipotawazwa Kabaka huko Buddo tarehe 31 Julai 1993, ufalme ulirudi bila jeshi, bila kodi, bila idara. Ulibaki na utamaduni. Hapo Mengo ikafanya jambo la akili: iliingia kwenye biashara ya burudani. Redio ya CBS ilianza mwaka 1996, ikitangaza kutoka Bulange, na nguvu yake ilionekana serikali ilipoifunga tangu Septemba 2009 hadi Oktoba 2010. CBS ndiyo inayoandaa Enkuuka, tamasha la mkesha wa mwaka mpya ndani ya Lubiri. Fikiria: maelfu ya watu wanacheza kadongo kamu na muziki wa kisasa usiku kucha kwenye majani ya uwanja uliopigwa mizinga. Entenga nayo imefufuka kwa kiasi. Vijana wamefundishwa tena na mzee aliyekuwa bado anazikumbuka.

Kwa wikendi ya kawaida, chakula cha mchana kiko pande zote za kilima. Chini, Kisenyi, Wasomali watakuletea wali wenye viungo na ndizi mbivu kando ya sahani, huliwa pamoja. Mganda hutazama ndizi hiyo kwa huruma. Novemba ikikukuta kuna nsenene, panzi wa kukaangwa, ambao watu wa ukoo wa Nsenene hawawagusi kwa kuwa ni mwiko wao. Ukiagiza kwa Kiswahili utaeleweka, ingawa lugha hii ilikuwa na kesi hapa: Kabaka Daudi Chwa aliipinga waziwazi mwaka 1929, na baadaye ikashikamana na sare za askari. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliikubali kuwa lugha rasmi. Wahudumu hawakungoja baraza.

Usiku utaangukia kwenye rolex. Wandegeya, kwa wanafunzi wa Makerere, ndiko ilikopata umaarufu: mayai yanakaangwa na nyanya, kitunguu na kabichi, yanaviringishwa ndani ya chapati, unakula umesimama. Chapati imetoka kwa Wahindi, kwa njia ya reli na pwani. Mayai yametoka kwa kuku yule yule wa luwombo. Na kwenye foleni ya kibanda, saa sita usiku, wanawake wanaorudi kucheza ndio wengi, kila mmoja akimwambia kijana wa kikaangio aongeze yai la tatu.