Mashine Inayosaga Usiku

Sisi tunaoota kuwa waandishi tuna maadui wengi: umeme kukatika, njaa, na wachapishaji wasiojibu barua. Mimi nilikuwa na adui mwingine, feni.

Kompyuta yangu ni ya mezani, ya mtumba. Chumba chetu tumekigawa kwa pazia, na upande wa pili analala mama, ambaye huamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua. Mimi huanza kuandika riwaya yangu saa nne usiku. Siku moja akauliza kutoka gizani: "Mwanangu, hiyo mashine yako inasaga nini usiku kucha?"

Niliona aibu. Kesho yake nikafanya ujinga, nikachomoa waya wa feni ya prosesa. Baada ya muda mfupi tu, kimya! Mashine imezima yenyewe kwa joto, na kurasa tatu nisizozihifadhi zimekwenda na maji.

Kumbe ujinga huo ulikuwa na wakubwa wake. Mwaka 1980 kampuni ya Apple ilitoa Apple III. Steve Jobs, aliyechukia kelele za feni, alishikilia isiwekwe hata moja. Umbo nene la alumini lingetosha kubeba joto. Halikutosha. Mashine zikapata moto, chipu zikalegea kwenye nafasi zake, na kampuni ikalazimika kubadilisha mashine 14,000 za mwanzo. Macintosh ya 1984 nayo ikaja bila feni. Jobs alipokwisha ondoka, Macintosh SE ya 1987 ikatoka na feni yake ndani.

Joto nalo halikungoja mtu. Pentium ya kwanza, 1993, ilikula wati 15 hivi. Kufikia 2004, Pentium 4 zilikuwa zimevuka wati 100. Hebu fikiria joto la balbu kubwa ya zamani limebanwa kwenye kipande kidogo kuliko kiberiti! Feni ndogo zikakimbizwa, na feni ndogo ikikimbia hulia kama nyigu.

Dawa ilikuwapo tangu 1963, pale George Grover alipotengeneza bomba la joto katika maabara ya Los Alamos, Marekani. Ni bomba lililozibwa, ndani mna kimiminika kidogo. Upande wa moto kinageuka mvuke, mvuke unakimbilia upande wa baridi, unakuwa kimiminika tena na kurudi ulikotoka. Mama angekuambia ni yaleyale ya mfuniko wa sufuria. Bomba likipeleka joto kwenye mapezi mapana ya alumini, feni kubwa inaweza kuzunguka polepole na bado ikapitisha hewa ya kutosha. Siri ya ukimya ni hiyo: feni ibaki, ila iwe kubwa na isiwe na haraka.

Basi nikaenda Kariakoo kwa fundi.

"Fundi, nataka feni isiyopiga kelele."

"Dogo, usianze na feni," akasema. "Soketi yako ipi? Prosesa inakula wati ngapi? Kasha lina nafasi kiasi gani?"

Nikarudi nyumbani na rula ya shule. Kutoka kwenye prosesa hadi ubavu wa kasha: sentimita 16. Nikachagua iliyotumika, ndefu sentimita 15.5, yenye mabomba manne na feni ya milimita 120. Ile ya zamani ilikuwa ya 80. Fundi akafuta dawa ya joto iliyokauka, akaweka mpya kidogo, kama punje ya harage, akakaza skrubu kwa mshazari.

Usiku ule niliandika hadi saa saba. Mara pazia likatikisika.

"Mwanangu, umeacha kuandika?"

"Hapana mama, nipo naandika."

"Haya," akasema, akageukia ukutani. Muda si mrefu nikasikia anakoroma. Sikuwahi kujua kama mama anakoroma.