Diwani: Daftari la Jeshi na Lugha ya Hesabu Zake

Neno diwani tunalijua sote, nalo lina maana mbili zilizozoeleka. Katika serikali za mitaa za Tanzania, diwani ni mjumbe wa halmashauri aliyechaguliwa na watu wa kata yake. Katika fasihi, diwani ni mkusanyo wa mashairi, kama isemavyo Diwani ya Shaaban. Zamani watu wa Mrima walikuwa na maana ya tatu, yaani cheo cha mkuu wa mji. Wachache, hata hivyo, ndio wakumbukao kwamba kabla ya kuwa jina la mtu au la kitabu cha mashairi, diwani lilikuwa jina la daftari la askari na la ofisi iliyolitunza. Tumeonelea tuieleze historia hiyo hapa kwa kuwa ndani yake mna fundisho linalomhusu kila aundaye istilahi.

Katika ukhalifa wa Umar bin al-Khattab (634–644), majeshi ya Waislamu yaliteka Shamu, Iraki na Misri, na mali nyingi ikaanza kumiminika Madina. Askari walikaa katika miji ya kambi, kama vile Basra, Kufa na Fustat, na haikuwezekana tena kuwagawia mali kwa kumtambua kila mtu kwa uso. Ndipo Umar alipoamuru majina yaandikwe. Wanahistoria wengine hulitia jambo hili katika mwaka wa 15 wa Hijra, wengine katika mwaka wa 20, ambao ni sawa na 641. Kazi ya kuandika ilipewa wajuzi watatu wa nasaba za Makuraishi: Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubayr bin Mut'im. Orodha ilianza kwa jamaa za Mtume, ikafuata ukaribu wa nasaba. Kiasi cha malipo nacho kilitegemea jinsi mtu alivyotangulia katika Uislamu: waliopigana Badri, kwa mfano, waliandikiwa dirhamu 5,000 kwa mwaka.

Malipo yenyewe yalikuwa ya aina mbili. Ya kwanza iliitwa ata, nayo ni fedha za mwaka. Ya pili iliitwa rizq, nayo ni chakula cha kila mwezi, hasa nafaka. Ofisi iliyotunza majina na malipo hayo ndiyo iliyokuja kuitwa diwan al-jund, yaani diwani ya jeshi. Neno lenyewe ni la Kiajemi, na wataalamu wengi hulihusisha na neno la kale lenye maana ya maandishi.

Msomaji asidhani kwamba habari hizi ni za makarani tu. Aliyeandikwa alikula, asiyeandikwa hakuwa na haki ya kudai. Mwaka 833 Khalifa al-Mu'tasim alipomwandikia liwali wake wa Misri awafute Waarabu katika diwani na kuwakatia malipo yao, watu wa makabila ya Lakhm na Judham waliasi. Kwa mstari mmoja wa wino, watu ambao mababu zao walikuwa wameishi kwa daftari hilo tangu Misri ilipotekwa waliondolewa katika jeshi.

Sasa tuingie katika jambo lililotufanya tushike kalamu. Katika Kufa na Basra zilikuwako diwani mbili. Moja iliandika watu na malipo yao, nayo ilikuwa kwa Kiarabu. Ya pili iliandika mapato, yaani kodi ya ardhi ambayo ndiyo iliyolipa jeshi, nayo ilikuwa kwa Kiajemi. Huko Shamu hesabu za mapato zilikuwa kwa Kigiriki. Kwa muda wa zaidi ya nusu karne, basi, watawala walijua kwa lugha yao ni nani wa kulipwa, lakini iwapo fedha za kumlipa zilikuwapo walipaswa kuambiwa na makarani wa lugha nyingine. Hatuna haja ya kueleza mamlaka makubwa yaliyokuwa mikononi mwa makarani hao.

Mambo yalibadilika katika zama za Khalifa Abd al-Malik (685–705). Mwanahistoria al-Baladhuri anasimulia kwamba mkuu wa diwani ya mapato ya Iraki, Zadanfarrukh, alikuwa na karani msaidizi aitwaye Salih bin Abd al-Rahman, aliyeandika Kiarabu na Kiajemi pia. Zadanfarrukh alipokufa, Salih alishika nafasi yake, na liwali al-Hajjaj akamwagiza azigeuze hesabu zote ziwe za Kiarabu. Mardanshah, mwana wa Zadanfarrukh, akamjia na kumpima. Alimwuliza atafanyaje na maneno dahwiyah na shashwiyah, yaliyotaja mafungu katika hesabu za Kiajemi. Salih akajibu kwamba ataandika ushr, yaani sehemu ya kumi, na nusu ya ushr. Akaulizwa juu ya neno wid, lililotumika kuongeza jambo juu ya lililotangulia. Akajibu kwamba ataandika aydan. Mardanshah akatambua kwamba kazi ya Kiajemi katika diwani imekwisha, akamlaani. Waajemi wakamtolea Salih dirhamu 100,000 ili ajifanye ameshindwa. Akakataa.

Tuyatazame majibu hayo kwa jicho la mwana istilahi. Salih hakubuni neno hata moja. Ushr lilikuwa tayari katika vinywa vya watu. Aydan lilikuwa neno la mazungumzo ya kila siku. Alichofanya ni kuyapa maneno yaliyokuwako kazi maalumu, kisha akawafundisha makarani waliomfuata wayatumie kwa namna moja. Na jambo la kufurahisha ni kwamba majibu yote mawili yamefika kwetu: ushr ndilo asili ya ushuru, na aydan ndilo asili ya aidha.

Hali ya kuwa na askari wa lugha moja na hesabu za lugha nyingine si ngeni kwetu. Katika King's African Rifles, jeshi lililoundwa na Waingereza mwaka 1902, Kiswahili kilikuwa lugha ya mawasiliano baina ya maofisa na askari, lakini hesabu rasmi za jeshi hilo ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 1967, Serikali ya Tanzania ilipoagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake, swali la Mardanshah liliulizwa upya: mtafanyaje na neno hili, na lile? Kila orodha ya istilahi za uhasibu au za bohari iliyotolewa tangu hapo ni sehemu ya jibu.

Kwa wafasiri na walimu tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, diwan al-jund iitwe diwani ya jeshi, lakini mara ya kwanza ielezwe kuwa ni ofisi ya daftari la jeshi, mwanafunzi asije akadhani ni mjumbe wa halmashauri aliyevaa sare. Pili, rizq katika muktadha huu isifasiriwe riziki, kwa kuwa riziki yetu ni lolote ambalo mja hujaliwa na Mungu. Neno linalofaa ni posho. Tatu, ushr iandikwe sehemu ya kumi, kwani ushuru wa leo haufungwi na kiasi hicho.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mambo madogo. Mardanshah hakuyaona kuwa madogo. Hakumwuliza Salih juu ya ushairi wala hekima, bali juu ya majina ya mafungu na neno la kuunganishia; kwani alijua kwamba lugha ikishaweza kuandika hesabu, waliokuwa wakiisomea serikali vitabu vyake hawatahitajiwa tena.